Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli ya mbio: mwongozo wa anayepanda mara ya kwanza

Masika yakikatika tu, simu yangu huanza. "Kaka, gia zangu zitatosha?" "Nitoke Mombo saa ngapi?" "Maji nitayapata wapi?" "Nikishindwa katikati nitafanyaje?" Nimekuwa nikimjibu kila mtu peke yake, na kila mara kuna kitu nasahau kumwambia. Safari hii nimeandika yote mahali pamoja, kwa ajili yako wewe ambaye una baiskeli, una hamu, na hujawahi kuipanda milima ya Usambara Magharibi kwa pedali.

Nakuomba jambo moja kabla hatujaanza. Usiruke sehemu ya kushuka. Karibu kila anayenipigia huuliza habari za kupanda, na kupanda hakujawahi kunitia hofu: ukichoka, unasimama. Kushuka ndiko kunakoumiza watu, na hakuna anayeniuliza.

Barabara yenyewe

Mombo iko kwenye barabara kuu inayotoka Segera kwenda Moshi na Arusha, mbele ya Korogwe. Ukitokea Dar es Salaam au Tanga, njia panda ya Lushoto iko mkono wako wa kulia, na milima unaiona imekusimamia hapo hapo. Kutoka njia panda hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33, lami tupu.

Mombo iko mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu 1,400. Kwa hiyo unapanda takriban mita 1,000. Lakini usizigawanye sawasawa katika kilomita zote 33, maana sehemu kubwa ya mwinuko imerundikana kabla ya Soni, mji mdogo ulio mbele kidogo ya nusu ya njia. Ukishafika Soni umemaliza kazi ngumu. Mbele yake bonde linafunguka, barabara inapita kati ya bustani za mboga, na unapanda kwa upole mpaka mjini.

Barabara ni nyembamba. Haina njia ya pembeni ya baiskeli, kona ni nyingi, na upande mmoja kuna ukuta wa mlima huku upande wa pili kukiwa na korongo. Unaitumia pamoja na mabasi, Coaster, Noah, bodaboda, na malori yanayoteremsha kabichi, viazi na matunda kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Msimu

Juni hadi Septemba ndio wakati wangu. Mvua zimepungua, lami ni kavu, na joto la Mombo si kali sana. Ila Juni na Julai Lushoto ni baridi ya kweli, na mtu wa pwani asiyebeba sweta atajuta usiku wa kwanza. Januari na Februari inawezekana, lakini utoke Mombo mapema zaidi.

Machi hadi Mei usiende. Mvua kubwa hushusha udongo na mawe kutoka ukingoni, na barabara hii imewahi kufungwa kwa maporomoko. Hata isipofungwa, kona moja yenye tope jembamba juu ya lami inatosha kumwangusha mtu mwenye tairi nyembamba. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba au Novemba, zinataka tahadhari hiyo hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Nianze na gia, maana hapa ndipo watu wengi huharibu safari wakiwa bado nyumbani.

Geuza baiskeli, hesabu meno ya gia ndogo ya mbele, kisha hesabu meno ya gia kubwa ya nyuma. Mwenye 34 mbele na 32 nyuma yuko salama. Akizungusha pedali mara 70 kwa dakika, anakwenda kama kilomita 9 kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuushikilia mlimani kwa saa mbili. Sasa chukua baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia nchini: mbele 39 au 42, nyuma 25. Kwa 39 na 25, mizunguko ile ile 70 inakutaka uende karibu kilomita 14 kwa saa. Ukishindwa mwendo huo, na ukiwa mgeni utashindwa, unabaki kukanyaga kwa uzito wa mwili, mizunguko 45 au 50 kwa dakika, na magoti ndiyo yanayolipa. Badilisha friwili au gia za nyuma uweke zenye meno 28 hadi 32. Gharama yake ni ndogo kuliko ya baiskeli mpya. Mwambie fundi akague kama kihamisha gia cha nyuma kinaweza kubeba meno hayo, na kama cheni inatosha urefu. Cheni fupi ikilazimishwa kwenye gia kubwa mbele na nyuma kwa pamoja huvunja vitu.

Wapo wanaoniuliza kuhusu Phoenix isiyo na gia. Wenyeji huzisukuma kwa miguu kwenda juu wakiwa na mizigo, nami nawaheshimu sana. Kwa safari hii nakushauri uazime nyingine, hasa kwa sababu ya breki wakati wa kurudi.

Vitu vingine:

- Tairi za upana wa milimita 25 hadi 28, zisizo na mipasuko wala nyuzi zilizojitokeza. Upana wa 28 ni bora zaidi.
- Tyubu mbili za akiba za saizi yako hasa. Mafundi wa Mombo na Lushoto ni hodari, lakini tyubu walizo nazo kwa kawaida ni za baiskeli kubwa na za watoto. Tyubu nyembamba ya baiskeli ya mbio yenye valvu ndefu usitegemee kuikuta.
- Viraka, solusheni, vijiko viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, na kile kipande cha kugeuzia valvu nyembamba ili pampu ya fundi wa kawaida iikubali.
- Alenki (zile funguo za pembe sita) za saizi za baiskeli yako na kifaa cha kukatia cheni.
- Raba za breki mpya, au zilizobakiwa na zaidi ya nusu. Kama una breki za diski, pedi zisiwe zimekwisha.
- Helmeti. Asiye na helmeti simpeleki.
- Taa nyekundu ya nyuma inayowaka hata mchana. Ukungu wa juu unaweza kukufunika ghafla, na dereva wa lori akachelewa kukuona.
- Chupa mbili za maji za mililita 750.
- Koti jepesi la upepo na mvua, glavu, na bukta pana ya kuvaa juu ya ile ya kubana. Lushoto ni mji wenye Waislamu wengi na watu wa heshima. Ukishuka kwenye baiskeli kwenda hotelini au sokoni, jisitiri.
- Simu yenye chaji, kitambulisho, na pesa taslimu za noti ndogo.

Kuhusu mazoezi, sitaki kukutisha. Kama unaweza kuendesha kilomita 60 tambarare bila kuumwa siku ya pili, na kwa wiki sita umekuwa ukipanda kilima mara moja kwa wiki, utafika. Wa Dar es Salaam watumie vilima vya Pugu na Kisarawe, kupanda na kushuka mara nne au tano bila kukata tamaa. Wa Moshi mna bahati: Himo kwenda Marangu ni mazoezi yanayofanana sana na safari yenyewe.

Hatua kwa hatua

1. Siku mbili kabla, kagua baiskeli. Zungusha kila gurudumu na uangalie kama rimu inayumba. Bana breki kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Ikiwa mkono wa breki unagusa usukani, waya umelegea, ukaze. Angalia waya wa breki pale unapoingia kwenye mkono wa breki, ndipo nyuzi huanza kukatika bila wewe kuona. Paka cheni mafuta kidogo kisha uifute. Jaza upepo: mtu wa kilo 70 mwenye tairi za 28, psi 75 hadi 80 zinatosha (psi ni kipimo cha upepo unachokisoma kwenye pampu). Usijaze mpaka tairi iwe kama jiwe.

2. Fika Mombo au Korogwe jioni ya kuamkia safari. Mabasi ya Moshi na Arusha yote yanapita. Toa magurudumu mawili, yafunge pembeni ya fremu kwa kamba za mpira, na usimame mwenyewe wakati baiskeli inawekwa kwenye buti, upande wa kihamisha gia ukiangalia juu. Nauli ya mzigo patana kabla basi halijaondoka. Na tafadhali, usitoke Korogwe kwa baiskeli jioni ile ukidhani ni kupasha mwili moto. Ni kama kilomita 40 za barabara kuu yenye malori na mabasi yanayowahi. Giza likikukuta pale, hatari yake ni kubwa kuliko ya mlima mzima.

3. Amka saa 11 alfajiri, kula. Uji na chapati mbili, au wali wa jana na chai. Kula kitu ambacho tumbo lako linakijua. Kunywa nusu lita ya maji taratibu. Chupa moja iwe maji matupu, nyingine maji ya sukari na chumvi: kwa kila lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe. Mfukoni weka ndizi mbili, tende, au vipande vya kashata. Kashata ya karanga imenifikisha Lushoto mara nyingi kuliko kitu chochote cha dukani.

4. Ondoka kukishapambazuka, saa 12 na nusu hivi. Si kabla, kwa sababu ya giza. Wala si saa 2, kwa sababu jua la Mombo likishapanda, joto la bondeni hubaki likikusindikiza kwenye kona zote za chini, ambako ukuta wa mlima hurudisha joto kama tanuri. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kama nyuzi 6. Kwa hiyo unachokitafuta ni kuwa juu jua litakapokuwa kali.

5. Kilomita tano za kwanza, jizuie. Hapa ndipo wageni wanapoharibu siku yao. Mwili ni mpya, asubuhi ni nzuri, mashamba ya mkonge yako nyuma yako, na mtu anajisikia kuruka. Weka gia nyepesi kuliko unavyotaka. Kipimo changu ni kimoja: uweze kumsalimia bibi aliyebeba ndoo, umwitikie, na umalize salamu yote bila kuhema katikati. "Onga maundo" ndiyo salamu ya asubuhi ya Kisambaa. Ukishindwa kuimaliza, punguza mwendo. Hata kama wenzako wanakuacha, waache waende. Utawakuta wamekaa chini ya mti.

6. Ndani ya korongo, hadi Soni. Sasa barabara imeanza kujikunja na mto uko chini yako. Kaa kwenye tandiko, mikono juu ya usukani, mabega yalegee. Zungusha pedali kati ya mara 65 na 80 kwa dakika. Simama juu ya pedali kwa sekunde ishirini tu kila baada ya dakika kumi, kupumzisha mgongo na makalio, halafu kaa tena.

Kunywa mafunda mawili kila dakika kumi hata kama husikii kiu. Kula kidogo kila dakika 30 hadi 40. Ukingoja njaa, umechelewa, na nguvu iliyokatika mlimani hairudi upesi.

Kuhusu magari: shika kushoto lakini usijibane kwenye ukingo kabisa, acha kama nusu mita ili uwe na pa kukimbilia. Kona ya kukunja kushoto ina mwinuko mkali zaidi upande wa ndani, kwa hiyo panua kidogo ikiwa nyuma yako hakuna gari. Masikio yako ni kioo chako. Usivae spika za masikioni. Lori linalopanda utalisikia kwa dakika nzima kabla halijafika. Likifika kwenye kona finyu, shuka, simama pembeni, lipite. Hakuna mashindano hapa, na dereva mwenye mzigo hawezi kusimama na kuondoka tena kwa urahisi mlimani.

Watoto watakukimbilia, hasa karibu na shule. Wengine watataka kusukuma tandiko kwa nyuma ili kukusaidia. Waambie kwa upole wasiguse, kwa sababu ni wao watakaoumia baiskeli ikiyumba.

7. Simama Soni. Hata kama hujachoka. Ukikaribia mji utaona maporomoko ya maji yanayobeba jina la mji huu. Kwa mtu wa kawaida, hapa ni saa mbili hadi mbili na nusu tangu Mombo. Keti dakika 20. Kula mahindi ya kuchoma, ndizi, chai ya maziwa. Katika msimu wake utakuta mapeasi na matunda mengine ambayo bondeni huyapati kwa ubichi huo. Jaza chupa kwa maji ya dukani. Maji ya mto yanaonekana safi, lakini juu yake kuna mashamba, mifugo na vijiji. Usiyanywe bila kuyachemsha.

Siku za gulio, Soni hujaa watu hadi barabarani. Uliza Mombo jioni ile kama kesho ni siku ya soko. Kama ni hivyo, shuka na uisukume baiskeli kupita katikati ya watu.

8. Soni hadi Lushoto. Kilomita zilizobaki ni kama 15. Unaweza kuongeza gia moja au mbili, lakini vijiji vina matuta na mengine hayajapakwa rangi. Inua makalio, legeza viwiko, yapite taratibu. Hapa ndipo mimi huacha kuangalia saa. Hewa imebadilika, inanuka moshi wa kuni na udongo mbichi. Pembeni kuna kabichi na karoti, mikaratusi juu yake, na akina mama wanapalilia kwenye miteremko ambayo mimi singeweza hata kusimama. Nimepanda njia hii miaka mingi na bado sehemu hii hunigusa moyo.

9. Ukifika, badilisha nguo kwanza. Mwili wenye jasho hupoa haraka kwa hewa ya mita 1,400. Vaa kavu, ndipo ule. Kisha safisha rimu kwa kitambaa chenye maji na uangalie raba za breki: chembe za mchanga au bati zilizoingia ndani zichokoe kwa ncha ya kisu. Hayo ni maandalizi ya kushuka.

10. Lala Lushoto. Wanaopanda na kushuka siku hiyo hiyo wapo. Mgeni usifanye hivyo. Kushuka kunahitaji mikono yenye nguvu na macho yasiyosinzia, na mchana ule huna vyote viwili.

Kushuka

Mara yangu ya kwanza nilishika breki mfululizo kutoka Soni, kwa woga. Katikati ya korongo nikasikia mlio kama wa bunduki. Rimu ilikuwa imepata moto kiasi kwamba tyubu ya mbele ilipasuka. Namshukuru Mungu ilitokea kwenye sehemu iliyonyooka. Tangu siku hiyo nafundisha hivi:

a) Toka kukishakauka umande na ukungu kuondoka, saa 3 au 4 asubuhi. Vaa koti, na kama ni Julai weka gazeti kifuani ndani ya fulana. Karatasi huzuia upepo vizuri sana, na Soni unaitoa.

b) Mikono chini kwenye pembe za usukani, vidole viwili juu ya kila breki. Ukishikilia kwa juu huna nguvu ya kubana.

c) Bana, achia. Bana, achia. Bana kwa sekunde mbili tatu mwendo upungue kweli, halafu achia kabisa upepo upoze rimu. Usiburute breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu nyingi. Itumie, ila pole pole na ukiwa umerudisha makalio nyuma.

d) Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tairi iliyolala kwenye kona na kubanwa breki hapo hapo huteleza. Mguu wa nje uwe chini, uzito wote juu yake, na macho yaangalie unakokwenda. Ukilitazama korongo, baiskeli italifuata.

e) Baki upande wako. Usikate kona, hata kama barabara inaonekana tupu. Basi linalopanda huhitaji barabara nzima kwenye kona finyu.

f) Mwendo wa mgeni usizidi kilomita 30 kwa saa, na kwenye kona zisizoonyesha mbele uwe nusu ya huo.

g) Simama angalau mara tatu kati ya Soni na Mombo, dakika tano kila mara. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto linakuja, ngoja zaidi. Kwa mwenye diski ni hivyo hivyo, na usiiguse kamwe. Mwenye rimu za kaboni zinazobanwa na raba, nakushauri ubadilishe magurudumu kwa safari hii.

h) Lori likiwa nyuma yako na linapiga honi mfululizo, usijiulize. Toka barabarani, simama. Huenda limepoteza breki.

Ukitaka kuongeza siku

Kutoka Lushoto unaweza kupanda zaidi hadi Magamba, kwenye ukingo wa hifadhi ya msitu wa mazingira asilia. Ni mwinuko mfupi na mkali kuliko wa jana, lakini msitu wenyewe ni malipo tosha: miti mikubwa ya mikulo, baridi, na ukibahatika mbega weusi na weupe wakiruka juu. Kuingia ndani ya hifadhi kuna utaratibu na kiingilio cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo anzia ofisini kwao. Mbele zaidi, kwa njia ya Lukozi hadi Mtae, jiandae kwa vumbi na mawe. Baiskeli yenye tairi nyembamba iache, azima ya tairi pana.

Irente ni kilomita kama sita kutoka mjini, njia ya vumbi. Wengi hutembea kwa miguu, nami naona ni sawa. Ukisimama pale kwenye mwamba, Mazinde na nyika yote iko chini yako, na unaelewa kwa macho ulikuwa umepanda kiasi gani.

Likitokea tatizo

*Magoti yanauma kwa mbele.* Gia ni nzito au tandiko liko chini. Pandisha tandiko milimita tano, punguza gia. Yakiendelea baada ya Soni, malizia kwa Noah.

*Misuli ya paja imekaza.* Simama, kunywa ile chupa ya sukari na chumvi, nyoosha mguu taratibu. Ukiondoka, tumia gia nyepesi kabisa kwa dakika kumi.

*Kichwa kinazunguka, jasho limekata ghafla, ngozi ina moto.* Hilo ni joto, na si la kuvumilia. Kaa kivulini, legeza nguo, mwagia maji kichwani na shingoni, mwombe mpita njia akae nawe. Usiendelee kupanda. Ukianza kuchanganyikiwa au kutapika, inatakiwa gari na hospitali bila kuchelewa.

*Cheni inaruka unapokanyaga kwa nguvu.* Waya wa gia umelegea, au friwili mpya imewekewa cheni ya zamani. La kwanza utalirekebisha kwa kuzungusha kirekebishi cha waya, kile kifundo kidogo waya unapoingia kwenye kihamisha gia, nusu mzunguko. La pili halina dawa ya njiani. Tafuta gia ambayo cheni hairuki, ubaki nayo.

*Pancha yenye matundu mawili sambamba.* Tyubu ilibanwa kati ya rimu na shimo la barabara. Upepo ulikuwa mdogo. Ongeza psi 10.

*Pancha yenye tundu moja.* Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole ndani ya tairi polepole. Mwiba wa chini ya Mombo hubaki ndani ukingoja tyubu ya pili.

*Breki zinapiga kelele wakati wa kushuka.* Kelele peke yake si hatari. Ukisikia mkwaruzo kama wa chuma kwa chuma, simama mara moja: raba imekwisha au imeokota bati.

*Mkono wa breki unazidi kuingia ndani kila unapobana.* Usiendelee. Kaza waya. Ikishindikana, sukuma kwa miguu au simamisha gari.

*Umeshindwa katikati.* Hakuna aibu. Mabasi madogo na Noah hupita mchana kutwa, na makondakta wamezoea kufunga baiskeli juu. Funika kihamisha gia kwa nguo kabla hawajaifunga, na uhakikishe kamba haikushika spoku.

*Umeanguka.* Toka barabarani kwanza, baiskeli baadaye. Mtume mtu akasimame kwenye kona ya juu kuzuia magari. Ukigonga kichwa, safari imeisha hata kama unajisikia mzima, na helmeti hiyo usiivae tena. Namba ya dharura ni 112. Hospitali ya wilaya iko Lushoto, na ukiwa karibu na Mombo, ni rahisi zaidi kwenda upande wa Korogwe.